Mguu wa Wifi Yangu: Nusu Kaputi, Sindano ya Mgongo na Damu Inayoganda

SEHEMU YA 1

 

Juzi niliwauliza mnaogopa nini kuliko vyote kwenye operesheni ya kujifungua. Majibu yamekuja mengi, lakini mawili yamejirudia mno. La kwanza: "Nesi, ni kweli nusu kaputi inamwaga damu?" La pili: "Ni kweli ile sindano ya mgongo inagandisha damu miguuni?"

Hayo maswali ni pacha. Moja linaogopa damu isiyoganda, lingine linaogopa damu iliyoganda pasipotakiwa. Nitayajibu yote kwa sehemu tano, taratibu, kwa lugha yetu ya wodini. Lakini kabla sijamfundisha mtu, lazima niseme kosa langu mwenyewe. Nimelibeba miaka miwili sasa.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijifungua mtoto wa kwanza kwa operesheni kule Tanga. Mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka, wakamwahi. Alichomwa sindano ya mgongo, akawa macho, akamsikia mwanawe analia. Siku ya tatu akaruhusiwa. Mama yangu akampokea nyumbani kama mnavyojua mama mkwe anavyopokea mzazi: uji wa pilipili manga, mkaja tumboni, maji ya moto asubuhi na jioni, na amri moja tu: "Mzazi halegezi kamba. Mzazi analala."

Siku ya nane, mimi nikiwa zamu ya usiku Dodoma, akanitumia ujumbe wa sauti. "Wifi, samahani nakusumbua. Mguu wa kushoto umekuwa mzito. Kwenye msuli wa nyuma unauma kama nimefungwa kamba. Hivi ni kawaida?"

Nilikuwa na wagonjwa wengi. Nikasikiliza huku natembea. Nikamjibu: "Ni ile sindano ya mgongo wifi, usiogope, itaisha yenyewe. Pumzika tu."

Pumzika tu. Mimi, nesi wa miaka kumi na moja kazini.

Naendelea sehemu ya pili. Lakini ili uelewe kwa nini jibu langu lilikuwa baya kiasi hicho, inabidi kwanza uelewe damu inagandaje. Usiruke, ni fupi.

SEHEMU YA 2

Umewahi kuona nyumba ya udongo inajengwa? Fundi anasimamisha nguzo, anafunga fito, halafu watu wanakandika udongo. Udongo bila fito unamomonyoka mvua ya kwanza. Fito bila udongo hazizuii upepo. Lazima viwepo vyote viwili.

Damu nayo inaziba tundu hivyohivyo. Mshipa ukikatika, wa kwanza kufika ni chembe sahani. Ni vipande vidogo sana vinavyozunguka kwenye damu saa zote, vikisubiri kazi. Vinanata kwenye jeraha, vinanatana vyenyewe kwa vyenyewe. Huo ndio udongo. Halafu protini nyingine za damu, nyingi zikitengenezwa na ini, zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka zinatoa nyuzi zinazoitwa fibrini. Hizo ndizo fito. Nyuzi zinashika udongo, tundu linazibika, damu inasimama.

Sasa kuna fundi wa tatu ambaye watu hawamjui. Jeraha likipona, lile bonge halitakiwi tena. Mwili una kitu kinaitwa plazmini, kazi yake ni kukata zile nyuzi na kuliyeyusha bonge. Mimi namwita mchwa. Anakula fito, nyumba inashuka taratibu, mshipa unabaki wazi damu ipite.

Afya ni mizani kati ya fundi na mchwa. Fundi akizidi, damu inaganda ndani ya mishipa mizima. Mchwa akizidi, bonge linaliwa kabla jeraha halijapona, na damu inaendelea kumwagika.

Mjamzito mizani yake si kama ya mtu mwingine. Mimba inapokua, mwili unaongeza malighafi za fito, na kondo la nyuma linasaidia kuwafungia mchwa. Yaani damu ya mjamzito inaganda kwa urahisi kuliko ya dada yake asiye na mimba. Si ugonjwa, ni maandalizi. Mimba ikifika mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu inapita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likibanduka, milango yote ile inabaki wazi kwa mara moja. Mwili unajua siku hiyo inakuja, ndiyo maana unajiandaa.

Ila maandalizi hayo yana gharama. Mwanamke akiwa mjamzito, na zaidi katika wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, ana hatari kubwa kuliko kawaida ya kupata bonge la damu kwenye mshipa wa mguu. Na mara nyingi ni mguu wa kushoto, kwa sababu ya namna mishipa ya nyonga ilivyopishana na mimba inavyoikandamiza.

Soma tena hapo. Wiki sita za mwanzo. Mguu wa kushoto.

Haya yote niliyasoma chuoni, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama. Halafu wifi yangu akaniambia mguu wa kushoto, siku ya nane, nikamwambia pumzika.

SEHEMU YA 3

Haya, sasa dawa za usingizi zinaingiaje hapa? Tuanze na nusu kaputi, yaani ule usingizi mzito ambapo mtu hajui kinachoendelea na mashine inamsaidia kupumua. Watu wanasema inamwaga damu. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ule wanaoufikiria.

Ukweli wa kwanza unahusu mfuko wa uzazi. Mtoto na kondo wakishatoka, kinachofunga ile milango haraka kuliko vyote si kuganda kwa damu. Ni msuli wa mfuko wenyewe kujikaza. Nyuzi za msuli zinabana mishipa kama unavyokamua nguo. Ndiyo maana mkunga anakuminya tumbo baada ya kujifungua na wewe unamlaani kimoyomoyo. Anatafuta mfuko uwe mgumu kama mpira. Sasa gesi za usingizi, kama halotheni na ndugu zake, zinalegeza msuli huo. Kadiri gesi inavyozidi, ndivyo mfuko unavyolegea. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi akitumia gesi kwenye operesheni ya uzazi, anaipima kwa uangalifu, na mara mtoto akitoka anaipunguza, huku oksitosini ikiingia kwenye dripu kukaza mfuko.

Ukweli wa pili unahusu chembe sahani. Maabara wamechukua damu ya watu, wakaichanganya na dawa za usingizi, wakaona baadhi, hasa zile gesi, zinafanya chembe sahani ziwe nzito kunatana. Udongo unakuwa na maji mengi kidogo. Lakini kwa mama mwenye damu nzima athari hiyo ni ndogo, na inapungua dawa inapotoka mwilini. Hiyo peke yake haimwagi damu ya mtu mpaka hatari. Inakuwa na maana kwa mama ambaye tayari chembe zake ni chache au damu yake ina shida nyingine.

Ukweli wa tatu ni baridi. Chumba cha upasuaji kina ubaridi, dawa za usingizi zinafanya mwili ushindwe kujitunzia joto, na damu iliyopoa inaganda kivivu. Hii ni kwa usingizi mzito na kwa sindano ya mgongo pia. Ndiyo maana ukitetemeka pale mezani tunakufunika. Tunakuonea huruma, ndiyo, lakini pia tunalinda damu yako.

Sasa sindano ya mgongo. Inaingiza dawa ya ganzi karibu na neva, na kuanzia kifuani kwenda chini hausikii maumivu. Neva hizohizo ndizo zinazoibana mishipa ya damu ya miguu. Zikilala, mishipa inapanuka, miguu inapata joto, damu inapita kwa wingi. Ndiyo maana presha inashuka ghafla na wengine mnasikia kichefuchefu.

Kuna jambo lingine. Mwili ukikatwa, unashtuka, na katika mshtuko huo unawafungia mchwa kwa muda. Yaani baada ya operesheni yoyote kubwa, kuyeyusha bonge kunapungua nguvu kwa siku kadhaa. Ganzi ya mgongo inapunguza kiasi taarifa za maumivu zinazokwenda kwenye ubongo, na mshtuko huo unapungua kidogo wakati dawa inafanya kazi. Tafiti za miaka ya nyuma, hasa za watu waliopasuliwa nyonga, zilikuta waliochomwa mgongoni walipata mabonge ya miguu machache kuliko waliolazwa usingizi mzito. Siku hizi tofauti imepungua, kwa sababu wagonjwa wote wanasimamishwa mapema na wenye hatari kubwa wanapewa dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili: sindano ya mgongo haigandishi damu miguuni. Kama ni kuelemea upande, inaelemea upande wa kusaidia. Kinachogandisha ni vitu vitatu vikikutana: damu ya uzazi iliyo tayari kuganda, jeraha la operesheni, na miguu isiyotembea.

Sasa rudi kwa wifi yangu. Alikuwa na vyote vitatu. Nami nikaisingizia sindano, ambayo ganzi yake huisha baada ya saa chache tu. Sindano ya siku nane zilizopita! Ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Mgongo ukiuma ni sindano. Kichwa kikiuma mwaka mzima ni sindano. Mguu ukivimba ni sindano. Tukishapata wa kumlaumu, tunaacha kutafuta ugonjwa.

SEHEMU YA 4

Wengi mmeniuliza inbox: "Kama sindano ya mgongo ni nzuri hivyo, kwa nini mimi nilinyimwa?" Ngoja niwape kisa kimoja. Sitasema ni nani, wapi wala lini.

Aliletwa mama mwenye presha ya mimba iliyopanda sana. Kichwa kinauma, anaona nyota, chini ya mbavu kulia panauma. Damu ikapimwa, chembe sahani zimeshuka chini ya elfu hamsini. Kawaida zinakuwa kati ya laki moja na nusu na laki nne na nusu kwa kila tone dogo linalohesabiwa. Kifafa cha mimba na ile presha inayokitangulia vinaweza kuzila hivyo.

Mumewe alikuwa mlangoni analalamika: "Mbona wenzake wanachomwa mgongo, yeye mnamlaza kabisa?" Alidhani tunamdharau. Mtaalamu wa usingizi akatoka, akamweleza kwa utulivu. Ndani ya uti wa mgongo hakuna nafasi. Sindano ikigusa mshipa mdogo kwa mtu mwenye chembe za kutosha, panaziba penyewe. Kwa mtu ambaye udongo wake umekwisha, damu inaweza kujikusanya pale ndani, ikabana neva, na mtu akapooza miguu. Ni jambo la nadra mno, lakini huwezi kulichezea. Kwa hiyo kwa mama huyu nusu kaputi ndiyo ilikuwa njia salama zaidi.

Mtoto alitoka, akalia. Halafu damu ikaanza. Mfuko ulikuwa laini kama mkate uliolowa. Gesi ikapunguzwa, oksitosini ikaongezwa, daktari anaukanda mfuko kwa mikono, mwingine kakimbilia benki ya damu. Na mtaalamu wa usingizi akaniambia: "Sista, traneksamiki. Sasa hivi." Gramu moja, nikaivuta, ikaingia kwenye mshipa polepole kwa dakika kumi. Naziangalia zile dakika kumi mpaka leo.

Traneksamiki asidi haikazi mfuko wa uzazi, wala haitengenezi bonge jipya. Kazi yake ni moja: inamzuia mchwa asishike ufito. Bonge ambalo mwili umelijenga kwa shida linabaki mahali pake. Mama anayemwagika damu nyingi, mara nyingine mchwa wake huamka wote kwa pamoja, na kila kinachojengwa kinaliwa. Kwa hiyo dawa hii inakwenda pamoja na zile za kukaza mfuko, haichukui nafasi yake.

Niwaambie na ilikotoka, maana nyie ni mama mtaipenda. Iligunduliwa Japani na mtafiti Utako Okamoto akishirikiana na mumewe Shosuke. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, nchi imechoka, hela za utafiti hakuna. Wakaamua kutafiti damu, kwa sababu hata kama hawana kitu, damu yao wenyewe wanayo. Utako alikuwa na mtoto mchanga wa kike, akawa anambeba mgongoni huku anafanya kazi maabara. Mwaka 1962 wakatangaza dawa yao. Utako alitaka itumike kwa wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua, lakini madaktari wa uzazi wa wakati huo hawakuichangamkia. Miaka ikapita, ikatumika kwa mambo mengine.

Utafiti mkubwa ulikuja kufanyika baadaye kabisa, ukihusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, wengi wao Afrika na Asia. Majibu yalitoka mwaka 2017: mama akipewa dawa hii ndani ya saa tatu tangu ajifungue, vifo vya kutoka damu vinapungua kwa karibu theluthi moja. Na kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaelekeza itumike ndani ya saa hizo tatu. Utako alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98. Alichokianza na mwanawe mgongoni, hakukiona kikifika leba zetu.

Mama yule wa usiku ule alipona. Chupa nne za damu, siku kadhaa za uangalizi, na mumewe akaja kutushukuru kwa mfuko wa machungwa.

Lakini nataka ubebe jambo moja kutoka kisa hiki: mtaalamu wa usingizi anachagua dawa kufuatana na damu yako. Anayejua habari za damu yako ni wewe. Kwa hiyo akija kukuuliza maswali kabla ya operesheni, usijibu "hapana, hapana, hapana" ili amalize haraka. Mwambie:

Kama ulishawahi kutoka damu nyingi kwenye uzazi uliopita, au ukitolewa jino, au hedhi yako ni ya kulowesha pedi kila saa.

Kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa kutoganda damu, au aliyewahi kupata bonge mguuni au kwenye mapafu.

Kama umekuwa unameza aspirini. Kliniki huwapa baadhi ya wajawazito aspirini ya dozi ndogo kuwakinga na kifafa cha mimba. Hiyo dozi ndogo peke yake kwa kawaida haizuii sindano ya mgongo, lakini lazima ajue, maana aspirini inazivuruga chembe sahani kwa wiki nzima na zaidi.

Kama unachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, na ya mwisho umechomwa saa ngapi. Saa ni muhimu. Kwa dozi ya kinga kwa kawaida tunasubiri saa 12 kabla ya kugusa mgongo, na kwa dozi ya tiba saa 24.

Na zile dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, sema. Sitakugombeza. Naomba tu nijue nini kiko kwenye damu yako.

SEHEMU YA 5 NA YA MWISHO

Mmesubiri sana habari za wifi. Asanteni kwa uvumilivu, na wale mliotishia kuacha kunifuata nawasamehe.

Baada ya jibu langu la "pumzika tu", wifi alipumzika. Aliamini, nani asiyemwamini nesi wa familia? Mama yangu naye aliposikia kwamba ni sindano tu, akaamua kuitoa kwa maji ya moto. Siku tatu mfululizo anaukanda ule mguu kwa taulo la moto na mafuta ya nazi, anauvuta kutoka kisigino kwenda juu, kwa mapenzi yote ya mama mkwe.

Siku ya kumi na moja kaka yangu akanitumia picha. Miguu miwili juu ya mkeka. Wa kulia mguu wa binadamu. Wa kushoto kama shina la mgomba, unang'aa, rangi imegeuka.

Mama zangu, nilisikia baridi mpaka kwenye meno. Nikapiga simu. "Kaka, mwambie mama aache kukanda. Sasa hivi. Asiuguse. Chukua gari mwende hospitali, mkifika waambieni hivi: mzazi wa operesheni, siku kumi na moja, mguu mmoja umevimba." Akaniuliza, "Kwani si ulisema ni sindano?" Nikamwambia, "Nilikosea. Nendeni."

Utrasaundi ikaonyesha bonge kwenye mshipa mkubwa wa paja. Alikuwa bado anapumua vizuri. Bonge la mguuni likimeguka, kipande kinasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, kinaziba, na mtu anaweza kufa akiwa anaongea na wewe. Siku tatu tulikuwa tunalisukuma kwa taulo. Bado nikifikiria hapo nanyamaza kwanza.

Alianzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda. Niwaeleze hapa, kwa sababu hata yeye aliuliza: dawa hizi haziliyeyushi bonge. Zinamzuia fundi asiongeze ukuta, ili mchwa wa mwilini wapate nafasi ya kula taratibu. Ndiyo maana tiba ni ya miezi mitatu au zaidi, na mtu akiacha kwa sababu uvimbe umepungua anajiweka hatarini. Na aliendelea kunyonyesha muda wote. Dawa alizopewa hazimdhuru mtoto.

Nilipopata ruhusa nikapanda basi kwenda Tanga. Nilimkuta kakaa kitandani anamnyonyesha mtoto, mguu uko juu ya mto. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Wifi, nisamehe. Uliniambia vizuri kabisa, mimi ndiye sikusikiliza." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Wifi, mimi nilijua si sindano. Mwili wangu uliniambia. Ila uliposema wewe, niliona aibu kuuliza tena."

Hilo neno ndilo limenifanya niandike mfululizo huu wote. Niliona aibu kuuliza tena.

Mama yangu alikuwa mlangoni na sinia la chakula. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nilikuwa namuua mkwe wangu?" Nikamwambia, "Hapana mama. Wewe ulikanda kwa sababu mimi nilisema si kitu." Hatukula vizuri siku ile.

Sasa, mama zangu, shikeni haya.

Baada ya operesheni, ganzi ikiisha na nesi akikuruhusu, simama. Tunajitahidi umesimama ndani ya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Kidonda kitauma, omba dawa ya maumivu umeze kwanza, halafu tembea hatua chache. Ukiwa umelala, chezesha vifundo vya miguu, vuta vidole kuja kwako na kuvipeleka mbali. Kunywa maji. Arobaini ni ya kupumzika kazi za nyumbani. Si ya kulala kama gogo.

Ganzi ya mgongo inaisha kwa saa chache. Miguu ikiwa bado imekufa baada ya muda waliokuambia, au ilirudi halafu ikafa tena, au mgongo unauma vikali na mkojo umegoma, ita nesi. Usisubiri asubuhi.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma msulini au pajani, ukiwa na joto au rangi tofauti, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikandwe, usichuliwe.

Ukipata pumzi fupi ghafla, kifua kikachoma ukivuta hewa, ukakohoa damu au ukazimia, hiyo ni dharura. Hakuna cha kumsubiri mume atoke kazini.

Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukatoa mabonge makubwa kuliko yai, au ukasikia kizunguzungu na jasho la baridi, hiyo nayo ni dharura, hata kama wameshakuruhusu kurudi nyumbani.

Na kila unapofika, jambo la kwanza kusema ni: "Nimejifungua juzi." Waambie ni siku ngapi na kama ni kwa operesheni. Maneno hayo yanabadilisha namna mtu wa zamu anavyokusikiliza.

Na mimi ninachokuomba zaidi ya yote: nesi akikujibu haraka huku anatembea, na mwili wako unakataa jibu lake, uliza tena. Hata kama nesi huyo ni wifi yako. Hasa kama ni wifi yako.

Mtoto wa wifi sasa ana miaka miwili, anakimbia hovyo. Mguu wa mama yake bado unavimba kidogo akisimama sana, anavaa soksi ya kubana. Mwezi uliopita binti wa jirani alijifungua kwa operesheni, mama yangu akaitwa kwenda kumtunza. Nilipopiga simu nikasikia anagomba huko nyuma: "Inuka mwanangu, mpaka mlangoni na kurudi, halafu utakula." Nikamuuliza, "Mama, siku hizi mzazi halali?" Akanijibu, "Analala akishatembea."

Mtumie huu ujumbe dada mmoja ambaye tarehe yake imekaribia. Na mama mkwe wake pia.